Kalamu ya mhasibu imepita wapi? Jibu kwa msomaji anayewanunulia wazazi sedani India

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na wazazi wangu wamerudi kuishi Bhuj, Gujarat. Baba ana miaka 68 na bado anaendesha; mama hupenda kukaa nyuma. Nimewatengea rupia laki kumi, gari likiwa limeshasajiliwa na kukatiwa bima, na wanataka sedani ndogo kwa ajili ya buti. Baba amezunguka maduka manne akarudi amenuna. Anasema milango inalia kama debe, plastiki ni ya ndoo, na moja lina injini ya silinda tatu "kama bajaji". Anataka niongeze pesa tuchukue sedani kubwa, au tutafute iliyotumika. Je, tunapunjwa?

Jibu: Mzee wako nampa heshima yake, masikio yake ni mazima. Nadhani aliyoyaona ni Maruti Suzuki Dzire, Honda Amaze, Hyundai Aura na Tata Tigor, maana kundi hilo halina mengi zaidi ya hayo, na yote manne yamebanwa gharama. Gari linaloanzia chini ya laki nane kabla ya kodi ya barabara na bima halitoki kiwandani bila mhasibu kulipitia na kalamu. Kazi yangu hapa Pune ni kukagua magari mapya kwa niaba ya wanunuzi kabla hawajatia sahihi, na nilishaacha zamani kuuliza kama gari limebanwa. Siku hizi nauliza kalamu ilipita wapi. Ilipita pale mnunuzi anapopaona akiwa dukani, au pale atakapokuja kupagundua siku ya mvua, siku ya pancha, au siku ya ajali? Baba yako amekagua upande wa kwanza tu. Bahati nzuri, huo ndio upande usio na neno.

Nikupe habari za magari mawili yaliyobanwa waziwazi, bila haya, na wanunuzi wa India wakayaadhibu yote mawili. La kwanza ni Logan, ambalo Mahindra na Renault walilileta mwaka 2007. Dashibodi yake ilimiminwa kipande kimoja, na vioo vyake vya pembeni, cha kushoto na cha kulia, vilikuwa na umbo lilelile ili kiwanda kisitengeneze kalibu mbili. Watu wazima watatu walikaa nyuma bila kusukumana mabega. La pili ni Toyota Etios la Desemba 2010, lililoundwa Bidadi, nje kidogo ya Bengaluru. Waipa ya mbele ilikuwa moja badala ya mbili. Saa ya spidi iliwekwa katikati ya dashibodi, kama zile Vitz za mwanzo unazozijua hapo Mombasa, kwa sababu ikiwa katikati haihitaji kuhamishwa gari likienda kwenye nchi za usukani wa kushoto. Watu walicheka sana. Lakini Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, walipoligongesha mwaka 2016 lilipata nyota nne kati ya tano kwa abiria wazima, buti lake lilikaribia lita 600, na madereva wa teksi, watu wanaoishi ndani ya gari saa kumi na mbili kwa siku, walilishika wasiliachie. Hilo likawa tena kosa lake: familia zikaona hilo ni gari la teksi, zikapita mbali. Etios liliondoka sokoni 2020. Logan lilikuwa limeshabadilishwa jina kuwa Verito mwaka 2011, baada ya Renault kujitoa.

Viwanda vilijifunza, na mimi naona vilijifunza somo baya. Viligundua kwamba mnunuzi akiona plastiki ngumu anaondoka, ila akiwekewa skrini ya kugusa na kitambaa cha rangi mbili hainui zulia la buti kuangalia chini. Kalamu ikahama kutoka machoni kwenda mafichoni. Wanunuzi nasi tuna mkono wetu katika hilo, maana tuliyemwadhibu ni mkweli.

Kabla sijafika mafichoni, nikueleze kwa nini magari haya yana buti linaloonekana kama limekatwa kwa msumeno, kwa sababu ndipo jibu la "tuchukue kubwa" lilipo. Mwaka 2006 serikali ya India ilishusha ushuru wa magari madogo kutoka asilimia 24 hadi 16. Masharti yalikuwa mawili: urefu usizidi mita 4, na injini isizidi cc 1,200 kwa petroli au 1,500 kwa dizeli. Kuanzia hapo futi kamba ikawa mhandisi mkuu. Tata waliifupisha Indigo mwaka 2008, Dzire likakatwa mkia mwaka 2012 likaishia milimita 3,995, na hata Verito likapata ndugu yake mfupi, Vibe, mwaka 2013 (sijapata kuona gari lenye mgongo wa kushangaza kuliko lile). Logan lilikuwa na mita 4.25, likalipa ushuru wa wakubwa huku likiwa na sura ya wadogo. Hiyo nayo ilichangia kuliua.

Sheria imebadilika sura mara kadhaa, lakini mstari wa mita 4 upo hadi leo, na tangu tarehe 22 Septemba 2025 umekuwa mkali kuliko wakati wowote tangu GST, kodi ya bidhaa na huduma, ianze. Gari dogo la petroli linalotimiza masharti hulipa GST ya asilimia 18. Kabla ya hapo ilikuwa 28 na nyongeza ya 1. Sedani kubwa kama Honda City, Hyundai Verna, Škoda Slavia na Volkswagen Virtus hulipa asilimia 40. Sasa piga hesabu. Chukua sedani ndogo na kubwa, zote mbili dukani kwa laki kumi kamili kabla ya usajili. Katika ile ndogo, laki 8.47 ni gari na kilichobaki ni kodi. Katika ile kubwa, gari ni laki 7.14 tu. Umelipa kiasi kilekile, lakini tofauti ya rupia laki moja na elfu 33 imekwenda serikalini badala ya kwenda kwenye chuma, viti na tairi. Ndiyo maana toleo la chini kabisa la sedani kubwa ndilo ninalolishuku kuliko yote: lina nafasi, lakini limenyolewa kila kitu kingine ili bei ya kwenye tangazo ivutie. Ukiwa na laki 14 au 15, sedani kubwa ni gari jingine kabisa, na Slavia, Virtus na Verna zilipata nyota tano za Global NCAP mwaka 2023. Kwa laki kumi za barabarani, mwambie baba suala hilo lifungwe.

Turudi kwenye mlango na debe. Bati la nje la mlango, la gari lolote la kisasa, bei nafuu au ghali, halifiki hata milimita moja. Kazi yake ni kushika rangi na kuzuia mvua. Linalomlinda mama yako ni lisiloonekana: nguzo za pembeni, boriti iliyo ndani ya mlango na sakafu, vyote vya chuma kigumu kuliko bati hilo. Mlango kulia "dupu" badala ya "kwaa" hutokana na raba mbili badala ya moja na vipande vya mpira mzito vilivyobandikwa ndani. Hivyo ni vitu vya rupia mia kadhaa. Zikikosekana utasikia kelele za barabarani, na safari ya saa saba kwenda Ahmedabad itachosha zaidi. Fundi mzuri wa Bhuj anaweza kuvibandika kwa siku moja. Usimwache baba akate hukumu ya usalama kwa sikio, wala kwa kugonga boneti na kidole, ingawa najua kila mzee hufanya hivyo.

Hukumu ya usalama hukatwa kwa kugongesha. Hapa kuna mtego, nao ni mwaka wa jaribio. Mnamo Januari 2014 Global NCAP waligongesha magari matano madogo ya India kwa kilomita 64 kwa saa, na yote yakapata sifuri. Kelele zilizofuata ndizo zilizoleta sheria: breki za ABS, zisizoyaacha magurudumu yajifunge, kwa kila gari kuanzia Aprili 2019, mfuko wa hewa wa dereva kuanzia Julai mwaka huohuo. Katikati ya 2022 jaribio lenyewe likakazwa, likaanza kudai kugongwa ubavuni na mfumo wa ESC, ule unaobana breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Honda Amaze la kizazi cha pili lilipata nyota nne mwaka 2019. Mwaka 2024 likajaribiwa tena likapata mbili, na sifuri kwa watoto. Bodi haikulegea, mtihani ndio uliokua, na gari halikuwa na ESC wala mifuko ya hewa ya kulinda kichwa ubavuni. Kwa hiyo mwuzaji akikuonyesha nyota, muulize ni za mwaka gani. Nne za Tigor ni za 2020, kwa mtihani wa zamani. Tano za Dzire jipya ni za Novemba 2024, kwa mtihani mpya, na lilikuwa gari la kwanza la Maruti kufika hapo. Dzire hilo na Amaze la kizazi cha tatu, lililotoka Desemba 2024, huja na mifuko sita na ESC katika kila toleo, hata la chini kabisa. Aura lina mifuko sita kote, lakini ESC si ya matoleo yote, kwa hiyo usikubali jibu la "ndiyo, ipo". Omba uonyeshwe kwenye karatasi ya toleo unalolipia.

Mafichoni kwenyewe, sasa. Mwaka juzi mteja mmoja aliniita nikague sedani yake mpya, toleo la juu lenye paa la kioo na taa za urembo ndani. Kampuni siitaji. Niliponyanyua zulia la buti nikakuta tairi la akiba dogo kuliko yale manne, sakafu iliyopuliziwa rangi nyembamba hadi chuma kinachungulia, na ukingo wa bati uliokwangua kidole changu kikatoka damu. Kifuniko cha buti hakikuwa na bitana wala pa kushika, kwa hiyo kila siku angekifunga kwa kupaka vumbi mkono. Nikaenda mbele: boneti lilitegemezwa kwa fimbo (hilo silijali, nimeishi na fimbo maisha yangu yote), lakini honi ilikuwa moja, nyembamba kama ya pikipiki. Katika barabara za India, honi ni kifaa cha usalama. Mteja alikuwa amelipa karibu laki moja zaidi ya toleo la kati, na bodi, injini na breki zilikuwa zilezile. Alichonunua ni paa na taa.

Kwa wazazi wako, kiangazi cha Kutch, mkoa wa Bhuj, kikipita digrii 40, paa la kioo ni tundu la kuingizia jua. Hilo peke yake linatosha kuliacha toleo la juu la Dzire. Ninachokitaka mimi ni matundu ya hewa baridi kwa abiria wa nyuma, na yawepo kwenye toleo mnalolilipia. Nataka pia mito ya kichwa ya nyuma inayopanda na kushuka, kwa sababu ile iliyounganika na kiti haiifikii shingo ya mtu mzima ila mfupi sana. Taa za mbele ni jambo la tatu. Macho ya miaka 68 usiku, katika barabara ambayo ng'ombe na ngamia huvuka bila kuuliza, hayatoshwi na balbu hafifu. Baba alijaribu gari saa nne asubuhi, arudi baada ya magharibi.

Tairi zina hadithi yake. Matoleo ya chini ya Dzire huja na 165/80 R14 (upana wa milimita 165, rimu ya inchi 14), ya juu 185/65 R15. Wengi huita ile nyembamba ubahili. Ni kweli tairi pana hushika lami zaidi. Lakini ile ya R14 ina ukuta wa milimita 132 dhidi ya 120, inameza shimo bila kupinda rimu, na bei yake ni nafuu. Kwa barabara za Kutch naichukua bila kinyongo. Ngoma za breki za nyuma nazo zisikutie hofu. Kwa gari jepesi lenye diski mbele zinatosha. Kutu ndiyo itakayowasumbua. Ukiacha bahari ya Mandvi, mkoa mzima umezungukwa na majangwa ya chumvi, na wewe wa Mombasa huhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Mpake gari dawa ya uvungu, kwa bei ya gereji, si ya duka. Ile "polishi maalumu" watakayokubandikia kwenye ankara ifute.

Silinda tatu: bajaji ina moja, mwambie mzee tumtendee haki Suzuki. Injini mpya ya Dzire iliacha silinda ya nne ili kupunguza vipande na msuguano, na ubahili huo una faida na hasara. Faida ni mafuta. Hasara ni mtetemo gari likiwa limesimama kwenye taa na kiyoyozi kinafanya kazi. Weka kiganja kwenye usukani utausikia. Tigor nalo lina tatu, Aura na Amaze zimebaki na nne. Haliharibu gari, ni suala la raha tu. Na mafuta yenyewe yasiwapumbaze. Dzire la gia za mkono limeandikiwa kilomita 24.79 kwa lita; mjini toa robo, hata theluthi. Wazee wakienda kilomita 600 kwa mwezi, gari la kilomita 18 kwa lita na la 16 hutofautiana lita 50 kwa mwaka mzima. Petroli ikiwa rupia mia, hiyo ni elfu tano. Usikubali kuongeza elfu sitini kununua gari ili uokoe elfu tano. Kwa hesabu hiyohiyo, CNG, yaani gari la gesi asilia, ni ya teksi: mtungi unakula buti ambalo ndilo mlilolitaka, na kila miaka mitatu lazima upelekwe kupimwa.

Kubana kunakouma kweli kwa mtu wa umri wa baba ni kwenye gia. Dzire, Aura na Tigor za otomatiki hutumia AMT, yaani giaboksi ileile ya mkono iliyopewa mota ya kukanyaga klachi. Ni rahisi kutengeneza na mafundi wanaijua, lakini inapobadilisha gia kichwa huinama kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye mawaidha. Amaze lina CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na ngazi za gia, laini kama maji, na lina nguvu farasi 90 dhidi ya 82 za Dzire. Inagharimu zaidi, ila toleo la chini kabisa la Amaze lenye CVT linaweza kuingia katika laki kumi zako.

Iliyotumika? India hujifungia soko lake kwa ushuru mkubwa, hakuna mitumba ya Japani ya kuchagua kama bandarini kwenu. Sedani nyingi ndogo za miaka mitano iliyopita zilitoka wakati mifuko sita na ESC havijafika kundi hili. Mngeokoa pesa kwa kurudisha kilekile nilichokwambia usikibane.

Dukani, bei ya tangazo si bei. Omba karatasi yenye kila mstari. Sheria inadai bima ya mtu wa tatu ya miaka mitatu kwa gari jipya, tangu Septemba 2018, ila hailazimishi kuinunua kwa muuzaji. Mara nyingi nje ni nafuu kwa maelfu. Ada ya "kuhudumia gari" ikatae kwa adabu na kwa sauti. Dhamana ya nyongeza ya kiwanda ichukue. Na kabla ya kusajili, soma namba ya chesisi ujue gari liliundwa mwezi gani. Lililolala uani tangu mwaka jana lishuke bei au wabaki nalo.

Ningekuwa wewe ningeyapunguza hadi mawili, Dzire la toleo la kati lenye AMT na Amaze la chini lenye CVT, na moyo wangu uko kwa Dzire: nyota zake ni za mtihani mgumu, na Maruti ndiyo yenye mtandao mkubwa wa gereji kuliko yeyote India, jambo linalokuhusu wewe uliye mbali. Lakini mwenye neno la mwisho si mimi wala baba. Mpeleke mama saa nane mchana, akae nyuma, kiyoyozi kiwashwe, baba aendeshe nusu saa kwenye foleni ya sokoni. Kama ule mwinamo wa kichwa utamkera, chukueni Amaze, na baba asiulizwe tena habari za mlango.